Taa Husema Mwisho

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi alasiri hapa Malindi, mbele ya mafundi, madereva na wenye magari ya zamani. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, ila michoro ya ubaoni nimeiruka, na mzaha mmoja uliomhusu mtu aliyekuwapo.

Asalaam aleikum. Wazee wangu, kina mama mliofika, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana wa tuktuk mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: hamjambo?

Nashukuru. Nimeitwa niseme juu ya geji moja ndogo ya volti, yaani kipimo cha nguvu ya umeme wa gari, upana wake milimita 52, ambayo mwalimu wangu wa zamani alinitaka nimfungie kwenye gari lake. Nitafika huko. Lakini niruhusuni nianze na babu yangu, kwa sababu bila yeye nisingeielewa hiyo geji.

Babu alikuwa baharia wa jahazi. Nyinyi wa hapa mnajua, mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki hushusha udongo, na bahari yetu ikageuka nyekundu kama chai ya maziwa. Maji yakiwa hivyo, chini huoni kitu. Fungu la mchanga liko wapi? Mwamba uko wapi? Huoni. Basi nahodha humwambia mtu mmoja akae mbele na bildi: kamba ndefu, mwishoni kipande kizito cha madini ya risasi. Anaitupa, anaivuta, anaita: pima nne! Anaitupa tena: pima tatu na nusu! Anaitupa tena: pima tatu! Nahodha akisikia tatu anajua aligeuze tanga mapema, na abiria waliolala wala hawajui kama kulikuwa na jambo.

Sasa niambieni. Nahodha asiye na bildi naye atajua kama maji ni haba, au sivyo? Atajua. Atajua atakaposikia mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, ukikwaruza mwamba. Habari ni ile ile moja, tofauti ni saa ya kuipata.

Ndugu zangu, kwenye dashibodi ya gari kuna taa nyekundu ya chaji. Hiyo ni sauti ya mkuku. Geji ya volti ni bildi.

Nije kwa mwalimu. Alinifundisha hesabu darasa la sita, na kwa fimbo pia, lakini tumesameheana. Alipostaafu alinunua gari alilolitamani tangu ujana: MGB ya mwaka 1971, milango miwili, haina paa, kutoka Uingereza. Magari hayo yalitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na yalipita nusu milioni. Ni gari la michezo la mtu wa kawaida, si la tajiri. Na kwa hesabu ya wakati wake lina geji za kutosha: mwendo, mizunguko ya injini, presha ya oili, joto la maji, mafuta. Za umeme? Hakuna hata moja. Ni taa tu.

Usiku mmoja mwalimu na mkewe walikwenda harusini Kilifi. Walitoka Malindi baada ya magharibi, wakarudi usiku mkubwa. Mnaijua ile barabara inavyopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hakuna nyumba, hakuna duka, na ndovu wana ruhusa kuliko wewe. Hapo ndipo taa za mbele zilipoanza kugeuka rangi. Kwanza njano. Kisha rangi ya kibatari. Kisha injini ikapiga chafya mara mbili tatu, ikanyamaza.

Aliponipigia simu, neno la kwanza halikuwa salamu. Aliniambia, "Mwanangu, taa ya chaji haikuwaka! Nilikuwa naitazama! Haikuwaka!"

Na ni kweli haikuwaka. Kwa nini?

Hapa nataka mafundi vijana wanisikilize, kwa sababu wengi wetu tunaifunga taa hiyo miaka nenda miaka rudi bila kuiuliza inafanyaje kazi. Taa ya chaji haipimi nguvu ya umeme. Taa ya chaji inapima tofauti. Waya wake mmoja unatoka kwenye swichi, yaani upande wa betri. Waya wa pili unatoka kwenye alterneta, mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme. Ukifungua swichi na injini haijashika, betri ina umeme na alterneta haina. Umeme unapita kwenye balbu kwenda kule, taa inawaka. Injini ikishika, alterneta inazalisha, pande mbili zinalingana, umeme hauna sababu ya kupita. Taa inazimika. Basi. Kazi yake imeishia hapo.

Sasa fikirini alterneta ambayo kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani yake, zimelika. Haijafa, imechoka. Mchana inajikongoja. Usiku mwalimu anawasha taa za mbele: balbu mbili za wati 60, gawanya kwa volti 12, hizo ni ampea 10 peke yake, kabla hujahesabu taa za nyuma na koili ya kuwasha plagi. Alterneta haifiki. Betri inaanza kuchangia. Volti za betri zinashuka, na za alterneta zinashuka pamoja nazo, bega kwa bega, kama watu wawili wanaozama wameshikana mikono. Tofauti iko wapi? Hakuna. Na pasipo na tofauti, taa inafanya nini?

(Hapa ukumbi ulijibu: "Haiwaki!")

Haiwaki. Taa husema mwisho. Na mara nyingine hata huo mwisho hausemi.

Angekuwa na geji ya volti, pale Kilifi tu, anawasha taa atoke harusini, angeona mshale umelala kwenye 12 badala ya kusimama kwenye 14. Angelala kwa shemeji yake, asubuhi akanipigia baada ya chai.

Jambo la pili, na hili linaniuma kidogo kulisimulia kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi.

Nilipokuwa ndio kwanza nimeacha kubeba spana za watu na kufungua karakana yangu, kulikuwa na pikapu ya samaki, dereva wake rafiki yangu. Balbu zilikuwa zinaungua. Leo ya mbele, kesho ya breki, keshokutwa ya kibao cha namba. Nilibadilisha. Zikaungua. Nilibadilisha tena. Tukamlaumu muuza balbu. Tukasema anatuuzia za bandia, na nadhani tulimtukana, Mungu atusamehe. Mara ya tatu nikafungua boneti kwa jambo jingine kabisa, nikapigwa na harufu ya yai viza. Betri ilikuwa inachemka. Maji yalikuwa yamefurika juu, yamekula rangi mpaka chini.

Nikaazima mita ya kupimia umeme. Unajua ilisoma ngapi, injini ikinguruma? Volti 16. Regyuleta, kifaa kinachozuia umeme usizidi, ilikuwa imekufa, alterneta inamwaga umeme bila breki. Na taa ya chaji? Ilikuwa imezimika kwa adabu kabisa, kama kila kitu kiko sawa. Alterneta inazalisha, au siyo?

Kwa hiyo upungufu taa haisemi, na ziada haisemi. Tumwulize nini basi shahidi wa namna hii? Na muuza balbu nilimwendea nikamwomba radhi. Alinisamehe, kisha akaniuzia balbu kwa bei ya juu.

Hapo kijana mmoja pale mbele ameinua mkono. Sema.

(Aliuliza: magari mengine ya zamani yana amita, geji ya mwendo wa umeme kwenye betri. Kwa nini nisifunge amita badala ya volti?)

Swali zuri sana. Wazee mliokuwa mkienda kando ya barabara kutazama Safari Rally, mnaikumbuka Datsun 240Z? Ilishinda mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 kwa Shekhar Mehta, mtu wa Afrika Mashariki. Katikati ya dashibodi ya lile gari kuna geji tatu ndogo zimekaa safu moja, na ndani ya mojawapo, pamoja na geji ya mafuta, kuna amita. Ndiyo ilikuwa desturi ya wakati ule.

Amita inakuambia umeme kiasi gani unaingia au kutoka kwenye betri. Ni habari njema. Lakini ili ikuambie, lazima umeme wenyewe upite ndani yake. Mnanifahamu? Amita ya aina hiyo inakaa katikati ya njia kama daraja. Waya mnene unatoka kwenye betri, unaingia nyuma ya dashibodi, unarudi. Ukiongeza taa za ukungu, redio kubwa, feni ya umeme, mzigo wote unapita pale. Nati moja ikilegea, pachemka, waya unayeyuka, na waya ule mara nyingi hauna fyuzi. Moto unaanza mbele ya magoti yako.

Voltimita, yaani geji yetu ya volti, haikai katikati ya njia. Inakaa pembeni na kuchungulia. Waya mmoja kwenye umeme, waya mmoja kwenye ethi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye betri, kwisha. Inakunywa umeme kidogo mno, waya mwembamba unatosha, na fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 unaichomeka njiani. Geji ikiharibika, gari linaendelea na safari. Kwa gari la miaka hamsini na nyaya za miaka hamsini, mimi sitoi ushauri mwingine. Mwenye amita yake ya asili aiache, asiing'oe, lakini nati zake azikaze.

Basi tulifungaje? Kwanza nilimwambia mwalimu: sitoboi dashibodi. Nimeona dashibodi za magari mazuri zimetobolewa kama chujio la nazi, kila mwenye gari ameweka tundu lake. Tundu halirudi. Tulitumia kishikio kidogo cha bati chini ya dashibodi, skrubu mbili, kwenye matundu yaliyokuwapo tayari. Kesho akiuza gari, anafungua, hakuna alama. Geji yenyewe tulichagua yenye uso mweusi na maandishi meupe, wa milimita 52, ifanane na zile ndogo zilizopo. Mwalimu alitaka ile ya namba za kijani zinazomweka. Nikamwambia, mwalimu, hii ni MGB, si duka la simu.

Halafu waya. Magari ya Waingereza ya wakati ule yana uungwana mmoja: rangi za waya zina maana. Kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja. Mweupe ni umeme unaokuja ukishafungua swichi, bado haujapita kwenye fyuzi. Kijani ni huo huo ukishapita kwenye fyuzi. Mweusi ni ethi. Mwekundu wenye mstari mweupe ni taa za ndani ya dashibodi. Ukizijua hizo tano umeshapona. Geji ya volti tunaipa kijani, ili ukifunga swichi nayo ilale; ukiipa kahawia itakunywa betri usiku kucha, kidogo kidogo, na gari la mwalimu linalala wiki nzima bila kutoka. Balbu ya geji tukaipa ule mwekundu wa mstari mweupe, na ethi tukaipa mweusi.

Tahadhari moja kabla sijasahau. MGB za kwanza kabisa, kabla ya mwisho wa 1967, zina dinamo, mzalishaji umeme wa kabla ya alterneta, na ethi yake ni chanya. Ndiyo, bodi ya gari imefungwa kwenye chanya ya betri. Mwanafunzi wangu alifunga geji kwenye gari la namna hiyo kwa mazoea, mshale ukakimbia upande wa nyuma ukajibana ukutani kama paka aliyemwagiwa maji. Bahati haukuvunjika. Tazama betri kwanza, ndipo ushike waya.

Tukamaliza. Tukafungua swichi. Mshale ukapanda taratibu, ukasimama. Kwenye 11.6.

Mwalimu akanitazama. Betri ilikuwa mpya. Nikachukua mita ya mkononi, nikapima juu ya vichwa vya betri, ambavyo kwenye gari hilo viko nyuma ya viti, chini ya kifuniko. Tena zamani ziliwekwa betri mbili za volti 6 zilizofungwa pamoja. Mita ikasema 12.5. Geji inasema 11.6, betri inasema 12.5. Nani mwongo?

Mafundi wangapi hapa wangesema geji ni mbovu, tuirudishe dukani? Msinyooshe mikono, nawaona.

Hakuna mwongo. Geji ilikuwa inasema kweli juu ya mahali ilipofungwa. Volti 0.9 zilikuwa zinapotea njiani, kati ya nyuma ya kiti na waya wa kijani. Na sisi tunaoishi hapa tuna haja gani ya kuuliza mwizi ni nani? Kaskazi inavuma, kusi inavuma, chumvi inaingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Midomo inayoshika fyuzi ilikuwa ya kijani kama mwani.

Tafadhali ishikeni njia hii, kwa sababu haihitaji mtambo. Weka mita kwenye volti. Ncha moja ishike kichwa chanya cha betri, isiondoke hapo. Kwa gari kama hili utahitaji waya mrefu. Washa vitu: wipa, feni. Ncha ya pili itembeze kwenye njia: mwanzo wa fyuzi, mwisho wa fyuzi, nyuma ya swichi. Namba unayoisoma ndiyo iliyoibwa mpaka hapo. Sisi tulipovuka kutoka upande mmoja wa fyuzi hadi wa pili, namba iliruka kwa 0.6. Fyuzi ni kipande cha inchi moja na ushei! Tukazima, tukatoa ethi ya betri, tukapiga midomo msasa mwembamba, fyuzi mpya, grisi kidogo juu yake. Tukakaza na vichwa vya waya nyuma ya swichi. Tukawasha tena. Mshale ukasimama nyuma kidogo tu ya mita ya mkononi. Hiyo kwa gari la umri ule ni afya.

Na unajua nini kilichomfurahisha mwalimu kuliko geji? Indiketa. Miaka mitatu zilikuwa zinapepesa kivivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini, naye akidhani ndiyo tabia ya gari la Kiingereza. Indiketa, wipa, taa za breki, zote zinakula kwenye kijani kile kile. Zilipopata volti zake zikaanza kupiga kama ngoma ya harusi. Waingereza wenyewe wana utani kwamba Joseph Lucas, mwenye jina kwenye vifaa vyao vya umeme, ni mfalme wa giza. Mimi nimefungua vingi vya Lucas. Kitu kikikaa miaka hamsini kando ya bahari bila kupigwa msasa, tusimlaumu marehemu.

Mniulizeni sasa, mshale ukae wapi? Asubuhi, injini haijawashwa, betri imepumzika: 12.6 imeshiba, 12.2 ni nusu, 12.0 kamili ina njaa kali. Ukipiga stata mshale utaanguka, usishtuke. Kama unashuka chini ya 9 na kitu, betri inakuaga. Injini ikishika, kati ya 13.8 na 14.4 ndiyo nyumbani. Ukivuka 15, simama, usingoje harufu ya yai. Mwenye dinamo atauona mshale ukilegea anaposimama kwenye foleni na kupanda akikanyaga mafuta. Dinamo ndivyo ilivyo, haizalishi kitu injini ikiwa polepole. Na geji nyingi za zamani, zile zenye waya unaopashwa moto na umeme ndani, mshale wake hupanda pole pole. Mpe dakika.

Vijana wa tuktuk, najua mnasema haya ni mambo ya wazee wenye magari ya maonyesho. Geji ndogo ya kidijitali inawatosha. Haina uzuri, namba zake zinacheza, lakini ni bildi pia. Nani kati yenu hajawahi kusukuma tuktuk saa tano ya usiku na abiria ndani?

Naona mmecheka, kwa hiyo mmo.

Siku hizi mwalimu hunipigia simu kila Jumapili. Hasalimu. Husema, "Kumi na nne na nukta moja," kisha hukata. Wiki iliyopita alisema kumi na tatu na nukta sita, akangoja. Nikamwambia atazame fenibelti, mkanda unaozungusha alterneta. Ilikuwa imelegea.

Gari lenyewe liko nje chini ya mwarobaini, amekuja nalo makusudi. Jua bado lipo. Nataka kila mtu aje autazame mshale mwalimu anapowasha taa za mbele, muone unavyoshuka kidogo na unavyojirudisha. Watano watano, msiegemee mlango, rangi ni mpya. Mwalimu, ufunguo unao wewe au nimekaa nao mimi?